Mgeni Sebuleni, Simu Mkononi

Barua za mwezi huu, nyingi zimegusa jambo moja: simu na watu wa karibu. Tumechagua saba. Ndefu tumezifupisha, majina tumeyaondoa.

Shikamooni wahariri. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 16. Chakula cha usiku kikiwa mezani, kila mtu kainamia simu yake. Nilileta kapu, nikasema simu zote ziingie humo kuanzia saa 12 jioni mpaka asubuhi. Siku ya tatu kapu lilikuwa limewekwa vitunguu. Nilikosea wapi? — Mama wa watatu, Tanga

Marahaba mama. Kapu halina kosa, kosa liko kwenye muda. Kuanzia saa 12 jioni hadi asubuhi ni nusu siku nzima, na katika muda huo simu ni tochi umeme ukikatika, ni saa ya kuamshia, ni pesa ya bodaboda, na ni bosi wa mume wako. Mtu akiifuata kapuni kwa sababu moja ya halali, hairudi tena. Alikwenda kuwasha tochi, akakuta ujumbe, akajibu, ikawa ndiyo imetoka.

Anza na nusu saa, siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 1:30 hadi saa 2 usiku. Mkikaa nayo wiki tatu bila ugomvi, ongezeni. Simu zisizimwe. Kila simu janja ina hali ya Usinisumbue. Ingia kwenye mipangilio yake, ruhusu simu za kupigwa kutoka kwa watu mliowawekea nyota tu (bosi, mama mzazi, jirani wa karibu), na arifa nyingine zote zinyamaze. Humo humo kuna kitufe cha wapigaji wanaorudia. Kikiwashwa, mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 kwenye Android, au ndani ya dakika 3 kwenye iPhone, simu inalia. Mwenye hofu ya dharura ndicho kinachomtuliza, maana mwenye shida kweli hapigi mara moja akaacha. Kisha panga ratiba ili hali hiyo ijiwashe na kujizima yenyewe. Pasipokuwa na mtu wa kutoa amri, hapana wa kubishana naye.

Kapu lenyewe likae mbali, juu ya kabati la vyombo, si mezani. Simu iliyo mezani, hata ikilazwa kifudifudi, macho yanaifuata. Televisheni nayo izimwe. Ukichukua skrini tano ndogo ukaacha moja kubwa, hujafanya kitu. Chaja zitoke vyumbani zikae sehemu moja, na mnunue saa ya mezani ya kuamshia, kwa sababu asubuhi ya kwanza mtoto atakapochelewa shule kwa kukosa kengele ya simu, mpango wote utalaumiwa.

Limebaki la mikono. Siku za mwanzo mtakaa kimya, tena kimya kizito, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kijana wa miaka 16 hasemi mkitazamana uso kwa uso kama polisi na mtuhumiwa. Husema mikono ikiwa na kazi. Weka sinia la mchele wa kuchambua katikati, au kunde za kupukuchua, au karata. Macho yakiwa kwenye mchele, mdomo hufunguka wenyewe. Usimuulize "shule vipi?" kwa sababu jibu ni "poa" na mazungumzo yameisha. Uliza kitu chenye sura: yule mwalimu mpya wa hesabu, ile timu yao iliyofungwa. Na simu ya kwanza kuingia kapuni iwe ya baba.

Nina magrupu 47 ya WhatsApp. Ukoo upande wa baba, ukoo upande wa mama, kikoba, jumuiya, niliosoma nao msingi, wazazi wa darasa la pili, wapangaji wenzangu, na kamati za harusi nne. Nikiamka nakuta jumbe 600. Nikitoka nitaambiwa najitenga, nikikaa sipati muda wa kumwona hata ndugu mmoja kati ya hao. — Katibu, Morogoro

Ndugu katibu, makundi 47 si mzigo mmoja. Chukua daftari, andika kila kundi na mbele yake jibu la swali moja: nisipolisoma kwa siku tatu, nani ataumia? Kikoba, wazazi wa darasa la pili na labda wapangaji yatakuwa na jina la mtu. Ukoo utakuwa na jina pale tu panapotokea ugonjwa au msiba. Yaliyobaki hayatakuwa na jina lolote. Usishangae ukibaki na manane.

Yale manane yaache yawe na sauti. Makundi ya ukoo na ya watu uliosoma nao zima sauti daima, usichague saa 8 wala wiki 1, kwa sababu itabidi urudie kila mara. Kisha yahamishie kwenye kumbukumbu (Archive), ambako hubaki hata ujumbe mpya ukiingia. Mtu akikutaja kwa alama ya @ au akijibu ujumbe wako, utaarifiwa. Kwa hiyo waambie ndugu wawili watatu wenye busara: "Likiwa jambo la kweli, nitajeni, au nipigieni." Yasiyo na jina, toka. Tangu 2022 ukitoka kwenye kundi wanaoarifiwa ni maadmini peke yao, halitangazwi tena kwa wote, ingawa mwanakundi akichungua anaweza kuona waliotoka ndani ya siku 60. Halafu ziba mlango: kwenye Faragha, sehemu ya Makundi, ruhusu watu uliohifadhi namba zao tu wakuunge. Wengine watalazimika kukutumia mwaliko kwanza.

Zima pia upakuaji wa kujiendesha wa picha na video, uko kwenye sehemu ya hifadhi na data. Bando litapumua, na ile asubuhi ya kufuta picha 200 za "Jumatatu njema" zenye maua itakwisha.

Sasa harusi. Wewe ni katibu, kwa hiyo kelele nyingine zinatoka kwako. Kinachochosha makundi ya harusi ni orodha. Mtu anachangia, ananakili majina 80 yote, anaongeza lake na alama ya tiki, anabandika upya. Wakichangia 15 kwa siku, wanakundi wamepokea mistari 1,200 ya majina yale yale. Mbaya zaidi, wawili wakinakili kwa wakati mmoja, mmoja anamfuta mwenzake. Mama mkubwa aliyetoa laki moja anajikuta hayumo, na hapo ugomvi wa kweli unaanza.

Fanya hivi. Kundi la wachangiaji liwekwe kwenye hali ya maadmini pekee kutuma. Mweka hazina abandike orodha mara moja kwa siku, saa 3 usiku, yenye tarehe juu na jumla chini. Anayechangia amtumie mweka hazina ujumbe wa muamala kwa faragha. Kamati yenyewe, watu 8 hadi 12, ikutane ana kwa ana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu basi, na ajenda iandikwe siku moja kabla. Mambo ya ukumbi na chakula hayajadiliki kwa jumbe. Watu 12 wakichati kuhusu bei ya sahani mtafika saa 7 usiku hamjaelewana, na kesho yake kila mmoja ana kumbukumbu yake.

Aliyeahidi na hajatoa, usimtaje kundini. Mpigie. Dakika mbili: msalimie, muulize hali, mwambie mmebakiza siku ngapi. Utagundua mwingine ana mgonjwa hospitali na wewe ulikuwa unamwita "mwenye deni". Baada ya harusi, toa hesabu, shukuruni, na ndani ya wiki mbili kundi lifungwe. Makundi ya harusi za miaka mitatu iliyopita ndiyo yanayojaza hayo 47.

Jirani yangu wa zamani amefiwa na mama yake. Habari niliiona kwenye kundi, nikaandika pole, nikatuma rambirambi kwa simu. Mke wangu anasema bado sijahani. Huko ni mwendo wa saa nne kwa basi. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Dodoma

Mkeo. Umetoa pole, umechangia, na vyote ni vyema. Kuhani ni kwenda.

Lakini hukosi kitu ikiwa hukwenda ndani ya siku zile tatu. Kwenye kundi la watu 200, pole yako ilipita katikati ya nyingine mia zilizonakiliwa moja kwa nyingine (tunazijua, hadi kosa la tahajia la aliyetangulia hurithiwa), na yaelekea siku hizo simu ya mfiwa ilikuwa mkononi mwa mpwa wake. Nyumba ilijaa watu, masufuria makubwa yalikuwa motoni, mwenye msiba hakuwa na nafasi ya kukaa nawe hata dakika kumi. Upweke huanza matanga yakianuliwa. Turubai likishushwa, viti vya kukodi vikipakiwa na ndugu wa mbali wakipanda mabasi, ndipo nyumba inapokaa kimya.

Basi mpigie kesho, saa 4 au saa 5 asubuhi. Usiulize ilikuwaje, hilo amesimulia mara mia. Asipopokea, mwachie ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, na umtaje marehemu kwa jambo ulilomjua nalo: alivyokuwa akiwaita watoto wa mtaa, uji aliokuwa akiwagawia. Kisha fungua kalenda ya simu, weka ukumbusho wiki mbili baada ya mazishi na mwingine siku ya arobaini. Nenda moja ya tarehe hizo, asubuhi na mapema ili urudi jioni, na usiende mikono mitupu: sukari kilo 2, majani ya chai, unga.

Kuhusu rambirambi, ujumbe wa muamala huonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini. Kama laini yako imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, daftari la msiba limeandika mtu huyo. Mtumie mtunza daftari ujumbe kwa jina lako. Na ukifika, simu ikae mfukoni. Picha za msibani si za kuweka stetasi.

Rafiki yangu anasoma jumbe zangu, tiki zinageuka buluu, hajibu mpaka kesho. Hii si dharau? — Msomaji, Unguja

Tiki za buluu za WhatsApp zilianza Novemba 2014. Kabla ya hapo ugomvi huu haukuwepo. Zinasema ujumbe umefunguliwa. Hazisemi aliyeufungua alikuwa na mtoto mgongoni na nazi mkononi. Unaweza kuzizima kwenye Faragha, ila na wewe hutaona za wenzako, na kwenye makundi na jumbe za sauti zitaendelea kuonekana kama kawaida. Zizime kwa mwezi mmoja uone moyo unavyotulia. Jambo lisilongoja kesho, piga simu. Kama na simu hapokei wiki nzima, mwendee nyumbani.

Binti yangu ana miaka 14, yuko shule ya bweni. Muhula mzima hana simu. Likizo ikifika anashinda kwenye TikTok kutoka asubuhi hadi saa 6 usiku, wala hatoki kuwaona binamu zake walio mtaa huu huu. Nimnyang'anye? — Baba, Nakuru

Hapana, baba. Ametoka miezi mitatu bila simu, na wenzake wote wamefungiwa vivyo hivyo, kwa hiyo likizo ni lile dirisha dogo ambalo wote wako hewani. Ukiinyang'anya, ataazima ya mtu mwingine, na hapo hujui anaangalia nini. Siku mbili za kwanza mwache anywe kiu yake. Siku ya tatu kaeni mpange.

Kwanza akague nawe tarehe ya kuzaliwa aliyoandika kwenye akaunti. TikTok hairuhusu walio chini ya miaka 13. Kwa walio chini ya miaka 18 imeweka tangu 2023 kikomo cha dakika 60 kwa siku, na akaunti za walio chini ya 16 huanza zikiwa za faragha. Yote hayo hufuata umri ulioandikwa. Kama alijiandika mtu mzima, hakuna ulinzi hata mmoja unaofanya kazi, na ndivyo ilivyo kwa watoto wengi. Ni afadhali aanze akaunti mpya yenye umri wa kweli. Kisha unganisha akaunti yake na yako kwa kipengele cha Family Pairing, ili kikomo ukiweke wewe. Kile cha kawaida mtoto hukiruka kwa kuandika namba ya siri anayoiona mwenyewe.

Usiku simu ilale sebuleni, kuanzia saa 3:30. Hilo moja lina kazi kuliko vikomo vyote, kwa kuwa saa za usiku ndizo zinazomfanya aamke saa 5 asubuhi na siku ikawa imekwisha.

Kuhusu binamu: kumwambia "toka ukawaone" hakusaidii, maana hajui akifika afanye nini. Mpe safari yenye kazi. Ampelekee shangazi kuku, akae asaidie kupika chapati, arudi jioni. Wakipenda kupiga video ya ngoma pamoja huko uani, waacheni. Ngoma ya watu wanne uani ni bora kuliko ya mmoja kitandani.

Niko Dubai, nafanya kazi za ndani. Mwanangu wa miaka minne yuko Singida kwa mama yangu. Nikipiga video hataki kuongea, anakimbia. Nalia nikikata simu. Na mara nyingine hata video haishiki. — Mama, Dubai

Pole sana dada. Anza na hilo la mwisho: yaelekea si mtandao wa Singida. Huko Imarati simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa. Jumbe za maandishi, za sauti na video zilizorekodiwa hupita. Zipo programu zenye kibali huko, kama BOTIM, na nyingine huhitaji kulipiwa kifurushi. Muulize mwenzako anatumia ipi. VPN ya kukwepa zuio usiiguse, ni kosa lenye faini kubwa na wewe ndiye utakayeumia.

Kuhusu kukimbia, mtoto wa miaka minne hawezi mahojiano. "Umekula? Umekula nini? Unanipenda?" kwake ni mtihani, na akiona bibi anamshika mkono aseme, anachukia simu yenyewe. Piga kwa muda ule ule, siku zile zile. Wewe uko mbele kwa saa moja, kwa hiyo saa 1 usiku ya Singida, kabla hajalala, kwako ni saa 2. Dakika tano hadi saba, usizidishe hata kama anafurahi. Bibi aiegemeze simu kwenye kopo la sukari, asiishike, mtoto awe huru kuingia na kutoka. Wewe fanya kitu: menya chungwa, kunja nguo, mwonyeshe soksi mbili muulize zipi za buluu. Akikimbia, endelea kuongea na mama kwa furaha, atarudi kuchungulia.

Siku ambazo hupigi, mrekodie hadithi ya dakika mbili, sungura na fisi, umtaje jina lake ndani. Bibi aicheze taa ikizimwa. Rekodi hiyo hiyo irudiwe hata wiki nzima, watoto hupenda wanayoijua. Na mazungumzo ya ada na fedha ya matumizi yawe na simu yake ya pekee, mtoto akiwa amelala.

Nina miaka 26, nina wafuasi 3,000 na watu 900 kwenye simu. Juzi nilihama chumba, nikakosa mtu wa kunisaidia kubeba godoro. Naanzia wapi? — Kijana, Dar es Salaam

Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikadiria mwaka 1992 kwamba mtu humudu uhusiano wa kweli na watu kama 150. Ndani yao, wa karibu kabisa huwa kama 5, na wa kuwategemea kama 15. Hata kama hesabu hiyo hubishaniwa, inakusaidia kuona kwamba 900 haikuwa kamwe idadi ya marafiki. Ilikuwa daftari la namba.

Chukua karatasi, andika watano ambao ungewapigia ukiumwa saa 9 usiku. Usipofika watano, andika ambao ungependa wawe humo. Kisha uache neno "tutafutane". Kila mtu mjini anatafutana na hakuna anayepatikana. Mwaliko uwe na siku, saa, mahali na mwisho: "Jumamosi saa 10 jioni, pale kwa muuza kahawa karibu na kituo, saa moja tu, kisha nina safari." Mtu mwenye shughuli nyingi hukubali akijua itaisha lini. Tuma Jumatano, maana Ijumaa usiku watu wameshapangiwa mambo. Kahawa na kashata hazimfilisi mtu, kwa hiyo hakuna wa kusingizia hana hela.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi, piga simu mbili, dakika kumi kila moja, ukiwa unatembea kwenda kituoni. Kupenda picha ya mtu na kumwekea moto kwenye stetasi usikuhesabu. Na mwenzako akihama, fika mapema, ubebe kabati.

Akikujibu "tutaona", mpe tarehe nyingine. Akisema tena "tutaona", nenda jina linalofuata kwenye karatasi.